Lumbesa ya kwenye simu

Shemeji yangu anauza mbogamboga soko la Majengo hapa Dodoma, na siku watu wake walipoanza kutumiwa meseji kwamba yeye ni tapeli nilikuwa nimekaa naye pale pale kwenye meza yake, kwahiyo hii habari siisimulii kwa kusikia. Alikuwa amekopa Sh 60,000 kupitia apu moja ya kwenye simu, ikaingia Sh 42,000, zile zingine wakaziita gharama za huduma, na siku ya saba alitakiwa arudishe 60,000 nzima. Wiki ile mchicha ulijaa sokoni bei ikaanguka, siku ya saba ikapita. Siku ya nane asubuhi simu zikaanza. Mchungaji wake kapokea meseji, mwalimu wa darasa wa mtoto kapokea, kijana wa bajaji anayemletea mzigo kapokea, hadi mama mmoja aliyewahi kumuagiza mboga za harusi mara moja tu miaka miwili nyuma naye kapokea, kwamba "huyu mtu unayemfahamu amekimbia na hela zetu, mwambie alipe".

Shemeji aliniangalia akasema kitu ambacho sijakisahau. "Shem, mimi nilikopa hela. Hawa watu niliwaweka rehani saa ngapi?"

Usiku tukakaa tukaifungua ile apu tukatafuta masharti yake. Yapo, kingereza kitupu, marefu, maandishi madogo kwenye kioo chenye ufa. Katikati huko tukakuta sentensi inayosema kwa maana yake kwamba tunaweza kuzifikia namba zilizopo kwenye simu yako ili kupima uwezo wako wa kulipa na kwa madhumuni mengine yanayohusiana na huduma. Ndio hapo. "Madhumuni mengine." Mchungaji wa watu aliingia kwenye deni la mtu kupitia maneno mawili.

Mimi nimekulia Kongwa na kwetu hiki kitu kina jina, tunakiita lumbesa. Asiyelijua neno hili ni kwamba mnunuzi anakuja shambani mnakubaliana bei ya gunia, unaposema gunia wewe mkulima kichwani una gunia la kawaida, yeye anakuja na gunia limeongezewa juu, linajazwa mpaka linafanya mlima, linashonewa kamba, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Hakuna aliyekudanganya kwa neno. Neno lilikuwa gunia na ni kweli ni gunia. Uongo uko kwenye kipimo, kwasababu mmoja ndiye aliyekuwa anajua gunia linalozungumzwa lina ukubwa gani na mwingine hakuambiwa. Serikali imekataza lumbesa miaka na miaka, Wakala wa Vipimo wanazunguka wanakamata, na pale soko la mahindi Kibaigwa mazao yanapita kwenye mizani maana ilishaonekana kwamba kumwambia mkulima awe makini haitoshi, inatakiwa kilo.

Sasa masharti mengi ya programu tunazotumia ni lumbesa. Unakubali kitu kidogo unachokielewa, kukopa, kuchati, kufanya mkutano, alafu juu yake kunashonewa mlima wa "tunaweza" na "washirika wetu" na "kuboresha huduma", na bei unayolipa ni kubonyeza Nakubali mara moja.

Najua wapo watakaoniambia hao wa mikopo ni wahuni tu, usichanganye na kampuni za maana. Wahuni ni kweli, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na apu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni, na Google kabla ya hapo, Mei 2023, walishapiga marufuku apu za mikopo binafsi zilizopo kwenye duka lao kugusa namba na picha za mkopaji. Ila apu inayotumwa kwa linki unaiweka mwenyewe haipiti dukani, kwahiyo mlango wa nyuma upo wazi. Haya, hilo tuliache. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hata kampuni ambazo sio wahuni, zenye wanasheria wazuri na jina la kulinda, zinaandika kwa mtindo ule ule, alafu zinashangaa watu wakikasirika.

Chukua WhatsApp, maana hiyo hapa kwetu ndio ofisi, ndio kikoba, ndio msiba. Januari 2021 iliwatokea watu kwenye simu na tangazo kwamba kubali masharti mapya kabla ya Februari 8 la sivyo utashindwa kuendelea kuitumia. Watu wakaelewa kwamba Facebook, ambao ndio wenye WhatsApp, anaanza kusoma meseji zao. Haikuwa hivyo, mabadiliko kwa sehemu kubwa yalihusu mtu anapochati na biashara, na meseji za mtu na mtu zilibaki zimefungwa kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma. Ila tangazo lenyewe halikusema hivyo kwa namna ambayo mtu aliyeko kwenye daladala ya kwenda Kisasa angeelewa. Matokeo yake watu walihama kwa kundi, Telegram walisema walipata watumiaji wapya milioni 25 ndani ya saa 72, Signal walizidiwa mpaka meseji za kuthibitisha namba zikachelewa, WhatsApp wakasogeza tarehe mpaka Mei 15. Na kitu kinachouma zaidi ni kwamba kugawana baadhi ya taarifa na Facebook, kama namba yako ya simu na aina ya simu unayotumia, kulishaanza tangu mabadiliko ya 2016. Watu walikasirika 2021 kwa jambo walilokubali miaka mitano nyuma bila kujua wamelikubali. Septemba mwaka huo huo wa 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland ikaipiga WhatsApp faini ya euro milioni 225, na kosa halikuwa kuiba taarifa za mtu, kosa lilikuwa kutowaeleza watu kwa uwazi taarifa zao zinafanyiwa nini. Yaani kutoeleweka peke yake ni kosa, na mimi naona walipatia kabisa.

Zoom nao. Machi 2023 walibadilisha masharti, Agosti ndio watu wakaja kugundua kuna kipengele kipana sana ambacho ukikisoma kinaruhusu kutumia yanayopita kwenye mikutano kuifundisha akili mnemba. Fikiria hapa Dodoma, mji wa serikali, vikao vingapi vinafanyika kwa Zoom, daktari anaongea na mgonjwa, mwanafunzi wa UDOM anatetea utafiti wake. Kelele zikapigwa, kampuni ikaeleza kwamba hatukumaanisha hivyo, ikaongeza sentensi, kelele hazikuisha, na tarehe 11 Agosti ikaandika upya kabisa kwamba haitumii sauti, video wala chati za wateja kuifundisha akili mnemba.

Alafu kuna hii ya Mozilla, wenye Firefox, kile kivinjari cha kufungulia tovuti, ambayo kwangu ndio ina mafunzo kuliko zote kwasababu hao watu walijijengea jina kwa kutetea faragha. Mwishoni mwa Februari 2025 waliweka masharti ya matumizi yaliyosema unapoandika au kupakia kitu kupitia Firefox unawapa leseni ya dunia nzima, isiyo na malipo, kukitumia hicho kitu. Wakati huo huo kwenye ukurasa wao wa maswali ile ahadi ya zamani kwamba hatujawahi kuuza data zako na hatutauza ikaondolewa. Maelezo yao yalikuwa kwamba kivinjari hakiwezi kutuma unachoandika bila ruhusa yako, na kwamba neno kuuza linatafsiriwa kwa upana sana na sheria za baadhi ya maeneo kama California. Inawezekana kabisa wanasema kweli. Mimi binafsi nawaamini. Ila ndani ya siku mbili wakaandika upya kwa lugha nyepesi, kwamba hii haitupi umiliki wa kitu chako.

Siku mbili! Zoom kuanzia kelele mpaka maneno safi haikufika hata wiki. Kwahiyo iliwezekana. Maneno yanayoeleweka yalikuwepo siku zote, wanasheria wao wanayajua, ila hayakutolewa mpaka watu wapige kelele, na hapa ndipo imani inapofia. Sio kwamba mtumiaji kagundua kampuni ni mbaya, hapana, kagundua kwamba akinyamaza anaandikiwa kitu kimoja na akipiga kelele anaandikiwa kingine. Baada ya hapo hata ukimuandikia kitu kizuri anajiuliza ningenyamaza ningeandikiwa nini.

Nimewahi kuongea na mwanasheria mmoja pale Area C kuhusu hili, akanieleza kitu cha maana. Alisema sisi hatumuandikii mteja, tunamuandikia hakimu. Kipengele kikiwa kipana hakimgharimu mteja wetu chochote, kikiwa chembamba kesho kampuni ikitaka kuongeza kitu inabidi iombe ruhusa upya. Kwahiyo ukungu sio lazima uwe njama, ni tabia ya kazi. Nilimuelewa. Lakini kwa aliye upande wa pili wa kioo njama na tabia hazina tofauti, maana yeye hana namna ya kwenda kuangalia. Gunia unaweza ukaliona kwa macho, ukabishana, ukagoma kushona. Seva, ile kompyuta ya kampuni inayotunza data yako, iko wapi? Nani amewahi kuingia akaona data yake imekaa rafu gani na nani anaipitia usiku? Kwenye programu neno ndio kipimo pekee ulichonacho, hakuna kingine cha kushika. Ukilichezea neno umechezea mizani.

Na kwetu sisi kuna tatizo lingine juu ya hilo, lugha. Siku hizi apu nyingi zina Kiswahili, unaona unafurahi, alafu unasoma unakuta "tunaweza kushiriki taarifa zako na washirika wetu". Mtu wa hapa Dodoma ukimwambia mshirika anamfikiria mshirika wa kanisani, mtu mnayesali naye, anayekuja na kilo ya sukari ukifiwa, au mwanachama mwenzake wa ushirika wa zabibu. Ni neno zuri, neno la undugu. Wao wanamaanisha kampuni ya matangazo ambayo hutaijua jina mpaka unakufa. Na kushiriki kwa Kiswahili ni kwenda kuwepo, unashiriki msiba, unashiriki kikao, huwezi kuishiriki namba ya simu ya mtu. Sema "tunawapa". Sema "tunawapa kampuni nyingine namba yako ya simu" uone kama watu watabonyeza haraka vile. Hata hilo neno tunaweza, kwetu lina maana mbili, uwezo na ruhusa, ukiniambia fundi anaweza kufungua mlango wangu sijui kama unanisifia fundi au unanipa taarifa kwamba nimeshampa funguo. Mfasiri wa mashine hajali hayo, anatoa neno na kuweka neno, na sentensi inayotoka haimuelezi mtu chochote ila inamlinda aliyeiandika.

Hapo ndipo huwa nakasirika nikisikia mtu anasema "wabongo hawasomi". Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani walipiga hesabu kwamba mtu akiamua kusoma sera ya faragha ya kila tovuti anayoingia kwa mwaka atatumia kama saa 200. Hiyo ni 2008, kabla simu hazijajaa apu. Baadae watafiti wengine, Jonathan Obar na Anne Oeldorf-Hirsch, wakatengeneza mtandao wa kijamii wa uongo wakawaalika wanafunzi 543 wa chuo kikuu wajiunge, ndani ya masharti wakaweka kipengele kwamba unakubali kumtoa mtoto wako wa kwanza kama malipo. 98 kati ya kila 100 hawakukiona. Hao ni wasomi, lugha yao, kwao. Mama wa Majengo anayehudumia wateja huku analea ndio tumwambie kosa ni lake?

Na hata angesoma, angefanya nini? Grupu la kikoba liko WhatsApp, matokeo ya mtoto yanatumwa WhatsApp, tangazo la maji kukatika mtaani linakuja WhatsApp. Tulipotakiwa kusajili laini kwa alama za vidole, tarehe ya mwisho ikiwa Januari 20, 2020, watu walijaa kwenye foleni za NIDA tangu alfajiri maana bila hivyo namba inafungwa. Sisemi usajili ulikuwa mbaya, nasema tu ruhusa ya mtu ambaye hana pa kwenda sio ruhusa ya kujivunia, na aliyeipokea ana wajibu mkubwa zaidi wa kueleza, sio mdogo.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, Rais Samia akaizindua Tume yake Aprili 2024. Inasema mtu aambiwe taarifa zake zinakusanywa kwa kazi gani kabla hazijakusanywa, na zisitumike kwa kazi nyingine. Ukiisoma hiyo, "madhumuni mengine" ya ile apu hayana pa kusimama. Lakini hata sheria yenyewe ilipelekwa Mahakama Kuu, na Mei 2024 mahakama ikaona baadhi ya vifungu vyake vina maneno yasiyoeleweka vizuri ikaagiza virekebishwe. Mimi hilo lilinipa moyo, kwanza kwasababu mahakama imekubali kwamba neno lenye ukungu ni jambo la kwenda nalo mahakamani, pili kwasababu inaonyesha kuandika wazi ni kazi ngumu hata kwa bunge, kwahiyo inahitaji watu wakae chini waifanye, haiji yenyewe. Na tangu 2021 sheria ilishabadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Kama hakimu wa Kondoa anaandika hukumu kwa Kiswahili, apu inayomkopesha mtu wa Kondoa inashindwaje?

Vijana wetu wanaotengeneza programu hapa hapa nao hawajapona. Niliwahi kuombwa na mzazi mwenzangu nimuangalizie mfumo mmoja wa shule, sitataja wa nani, unaopokea picha ya mtoto, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mzazi na taarifa za afya. Kwenye ukurasa wa faragha tukakuta imeandikwa migogoro yote itaamuliwa kwenye mahakama za jimbo moja la Marekani, na sehemu ya jina la kampuni imeachwa mabano matupu. Walinakili mtandaoni wakabandika. Mtengenezaji nilipompigia akanijibu kwa ustaarabu kabisa, "kaka ule ukurasa hamna anayeusoma, unawekwa tu ili duka la apu likubali". Kijana mzuri, anajua kazi yake, mfumo wenyewe haudondoki. Nilimwambia mdogo wangu, mimi nimeusoma, na mwanangu yumo humo ndani.

Aliurekebisha. Ilimchukua jioni moja na ukurasa mpya ni mfupi kuliko skrini mbili za simu, kwa Kiswahili, unasema tunachukua nini, picha ni ya nini, anayeiona ni mwalimu wa darasa na mkuu wa shule basi, mtoto akihama inafutwa baada ya muda gani, na namba ya kumpigia mtu mwenye sauti ukitaka kufuta mapema. Kitu kimoja nilimbishia sana ni mabadiliko, maana huwa wanakutumia "tumesasisha sera yetu" wanakurundikia kurasa zote upya utafute mwenyewe kilichobadilika. Akaweka mstari wa zamani na mstari mpya, kimoja juu ya kingine. Mzazi akifungua anaona. Sijaona sababu ya maana kwanini kampuni yenye wahandisi maelfu isifanye hivyo, na ningetamani Tume iliyopo hapa hapa Dodoma ilifanye kuwa lazima kwa yeyote anayesajiliwa nayo, maana likiachwa kuwa hiari watalifanya wale waliokuwa waaminifu tangu mwanzo.

Ila kuna jambo ambalo hata ukurasa safi hauligusi, na shemeji ndiye aliyelisema siku ya kwanza kabla sijalielewa. Zile namba kwenye simu yake sio mali yake. Mchungaji hakubonyeza Nakubali. Mwalimu hakubonyeza. Yule mama wa harusi hata hajui hiyo apu ipo. Kila tunapoiruhusu apu isome namba zetu tunagawa watu, na hao watu hawajaulizwa, na hakuna sharti hata moja limeandikwa kwa ajili yao kwasababu wao kwenye ule mkataba hawapo kabisa. Utaandikaje kwa uwazi kwa mtu ambaye hujui kwamba unamchukua? Mimi naona hapo hakuna cha kueleza vizuri zaidi, hapo ni kukataza, apu isiyohitaji namba za watu ili ifanye kazi yake isiziombe, na ya mikopo haizihitaji.

Shemeji alilipa lile deni kwa kuuza mbuzi wa kwao Mpwapwa. Alikwenda kwa mchungaji kuomba radhi, akaenda shuleni, yule mama wa harusi hakupokea tena simu yake. Kisha akanunua daftari la kaunta, akakaa na mwanae mkubwa jioni tatu wakaandika namba zote 140 na kitu kwa mkono, jina, namba, na anachouziwa. Kwenye simu amebakiza sita, za nyumbani. Mteja akipiga sasa hivi namba inakuja bila jina, anapokea anauliza nani mwenzangu.

Nilimuuliza kama haoni ni usumbufu. Akasema ni usumbufu, ila hao watu waliniamini mimi.